Namna ya Kumbuni Mnyama wa Shetani kama Mhusika Mdogo wa Anime

Mnyama anayemtumikia shetani amezoeleka mno katika anime (katuni za Kijapani) za fantasia: kunguru anayetua begani mwa jemadari wa mashetani, popo anayepeleka habari usiku, paka mweusi mwenye jicho moja jekundu. Kwa kuwa amezoeleka, mwandishi mchanga humtia katika hadithi kama pambo, kisha humsahau kufikia sehemu ya tatu. Ili asiishie huko, mpe tangu mwanzo jambo moja analolitaka yeye mwenyewe, ambalo bwana wake hakumwagiza, na uache mvutano kati ya amri na tamaa hiyo ubebe kila onyesho analotokea.

Kabla ya kuchora hata sikio, andika masharti yanayowaunganisha wawili hao: nani alimtafuta mwenzake, mnyama hutumwa kazi gani, na analipwa nini. Malipo ndiyo yanayopuuzwa zaidi, ingawa simulizi za kale zilikuwa makini sana nayo. Katika kesi ya uchawi ya Chelmsford, Uingereza, mwaka 1566, maungamo ya Agnes Waterhouse yanaeleza kwamba alimjaribu paka wake, aliyeitwa Sathan, kwa kumtuma amuue nguruwe, na kwa kazi hiyo akamlipa kuku na tone la damu. Nchini Japani nako kuna kuda-gitsune, mbweha mdogo anayesimuliwa kufugwa ndani ya bomba la mwanzi, ambaye humletea mfugaji wake mali lakini huzaliana hadi nyumba ikashindwa kumlisha na kufilisika. Mkataba wa namna hii, unaomnufaisha mtu leo na kumkaba kesho, unatosha kuzaa visa vya msimu mzima.

Jiulize pia mnyama anakaa wapi asipoitwa. Visa vya Abe no Seimei, mtabiri mashuhuri wa Japani ya kale, zama za Heian, aliyefariki mwaka 1005, vinasema kwamba aliwaficha shikigami wake, yaani pepo waliomtumikia, chini ya daraja la Ichijo Modoribashi mjini Kyoto, kwa sababu mkewe aliziogopa sura zao. Sentensi hiyo moja inatufahamisha nguvu za bwana, hofu ya mke na upweke wa watumishi, wala hakuna mhusika aliyelazimika kuhutubia.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mnyama wetu ni kicheche, na bwana wake ni shetani ambaye mwili wake ni baridi kama jiwe la kisimani. Tamaa ya kicheche ni joto, basi. Anatumwa kuiba ufunguo chumbani kwa shujaa aliyelala. Anapenya chini ya mlango, anapanda kitandani, anaung'ata uzi wa ufunguo, kisha badala ya kukimbia anajikunja kwenye kwapa la adui na kufumba macho kwa muda wa pumzi tatu. Anaporudi, shetani anaupokea ufunguo, ananusa harufu ya binadamu kwenye manyoya yake, na bila kusema neno anauondoa mkono uliokuwa ukimngojea. Mtazamaji hajaambiwa kwamba shetani huyu anaweza kuumizwa, ila amekwisha kuliona jeraha lenyewe. Mnyama wa pembeni anafaa kwa kazi hii kuliko askari au waziri, kwa sababu mbele yake bwana hajilindi.

Usimpe zaidi ya tendo moja kama hilo katika kila sehemu. Sehemu ya kawaida ya anime ya televisheni huchukua takriban dakika 24 pamoja na wimbo wa kufungulia na wa kufungia, ambao kila mmoja hula kama sekunde 90. Katika dakika zinazobaki, mhusika mdogo akipata moja kamili amebahatika.

Uchoraji nao una masharti yake. Ingawa filamu hupita kwa fremu 24 kwa sekunde, wachoraji wa anime mara nyingi huishikilia picha moja kwa fremu mbili au tatu, na hata hivyo kila doa la manyoya linapaswa kurudiwa katika kila picha mpya. Mwenye miguu minne ni mgumu kumtembeza, kwa hiyo mpe mahali pa kukaa, kama vile mkono wa joho au pembe ya bwana wake. Atambulike hata akichorwa kama kivuli kitupu, na alama moja tu, labda rangi ya macho, imfungamanishe na bwana wake.

Kuhusu kuzungumza, ninapendelea awe bubu. Akipewa ulimi, baada ya muda mfupi waandishi humgeuza mfafanuzi wa njama, au kikaragosi cha kuuzia vinyago. (Kuuza vinyago si dhambi, mradi kinyago kisishike kalamu.) Ukiona ni lazima aseme, mpe maneno machache na kiburi kingi.

Hatimaye amua mnyama atakuwaje bwana wake akifa, na uamue kabla ya sehemu ya kwanza. Kumuua pamoja naye ili kuwatoa watazamaji machozi ni njia ya mkato. Ni afadhali abaki na amri ya mwisho ambayo hakuna tena wa kuitengua, au arudi kuwa mnyama wa kawaida asiyemjua yeyote. Lolote utakalochagua, lidokezwe mapema: amri ndogo iliyosahauliwa na bwana, ambayo kicheche anaendelea kuitekeleza sehemu mbili baadaye, inatosha kabisa kumwandaa mtazamaji.