Ukiuziwa kitu kibovu: jinsi ya kuandaa karatasi za Korti ya Madai Madogo

Wiki jana nimemaliza kumsaidia wifi yangu na karatasi za friji. Alinunua 42,000 duka moja la hapa Nairobi, wiki ya tatu ikaacha kugandisha, na kila akirudi anaonyeshwa yale maandishi ya chini ya risiti eti mali ikishauzwa hairudishwi. Watu wengi huachia pesa yao hapo wakidhani lazima watafute wakili. Si lazima. Korti hii inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unasimama mwenyewe, na sheria yake ya 2016 inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ifailiwe. Na hayo maandishi ya risiti yasikutishe, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaofaa, hawezi kujitoa kwa sentensi moja ya risiti.

1. Risiti ipige picha leo

Karatasi za mashine zinafifia. Ya wifi ilikaa kwa pochi mwezi mmoja tu, bei inasomeka lakini tarehe imebaki kama kivuli.

2. Barua ya madai

Ukurasa mmoja: ulinunua nini, lini, imeharibika vipi, unataka nini, na uwape siku 7. Peleka nakala mbili, moja waigonge muhuri urudi nayo. Wakikataa kuipokea, itume pia kwa WhatsApp ya duka ili tarehe ibaki.

3. Jina la unayemshtaki

Hapa tafadhali usikimbie. Kesi yangu ya kwanza, ya cherehani, niliandika jina lililo kwenye bango la duka, nikalipa, nikapeleka samansi (wito wa kufika kortini), siku ya kesi jamaa akasimama akasema hiyo si kampuni yake na yeye ameajiriwa tu. Ikabidi nirekebishe karatasi zote na kupeleka samansi upya. Jina la bango ni la kuvutia wateja, mwenye kulipa deni ni mtu au kampuni iliyo nyuma yake, na ukikosea hapo hata ukishinda utabaki na hukumu ambayo huna wa kumdai nayo.

Anza na meseji ya M-Pesa, angalia pesa ilienda kwa jina gani, mara nyingi utakuta si lile la bango. Halafu tafuta PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, kwenye risiti: ikianza na A hiyo ni ya mtu binafsi, ikianza na P ni kampuni au shirika. Iweke iTax, mtandao wa KRA wa kodi, sehemu ya kukagua PIN utaona jina la mlipa kodi. Kama risiti haina PIN, ingia dukani kama mteja uangalie leseni ya kaunti, kwa kawaida hutundikwa ukutani nyuma ya keshia, na jina la mwenye biashara limo. Ukishapata jina ndio uende eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, upande wa usajili wa biashara, uombe rekodi rasmi. Kama ni kampuni unaomba CR12, karatasi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kama ni jina la biashara tu utapata jina la mmiliki.

Sasa uandike sawasawa. Kampuni inaandikwa jina lote pamoja na Limited, na usimshtaki mkurugenzi wala kijana wa mauzo aliyekuhudumia. Mtu binafsi anaandikwa jina lake, kisha "anayefanya biashara kwa jina la" halafu jina la duka. Ya wifi ilituchukua siku mbili na nilikataa kabisa kufaili kabla hatujapata ile rekodi mkononi.

4. Maelezo na ushahidi

Andika kwa aya fupi zenye namba, kila aya jambo moja, tarehe mbele. Dai kile unachoweza kuonyesha: bei, gari la kubeba, pesa ya fundi, riba na gharama za kesi. Machungu ya moyo yaache. Fundi mwambie aandike kwa karatasi alichokuta na asaini, maneno ya mdomo hayatoshi.

Mazungumzo ya WhatsApp mimi sipendi skrinshoti zilizokatwakatwa, hamisha mazungumzo yote kama faili ndio namba na tarehe zionekane. Taarifa ya M-Pesa itoe kwa *334#, inakuja kwa imeili kama PDF. Kwa vile hivi vyote vimetoka kwa simu, ambatanisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki ukieleza ni simu gani, ni yako, na ulivyovitoa. Kweli korti hii haifungwi sana na kanuni za ushahidi, lakini weka, wakili wa upande wa pili atakitafuta.

5. Kufaili na samansi

Unafaili kwa mtandao wa Mahakama, unalipa kwa simu. Skani vizuri, kurasa ziwe na namba. Aliyepeleka samansi aape hati ya kiapo kwamba ameipeleka, akitaja siku, saa na aliyeipokea, ukiikosa hiyo kesi haisongi.

Siku ya kusikilizwa beba ile simu yenyewe ikiwa na chaji na usifute chochote, mwamuzi anaweza kutaka kuona meseji pale ilipoingia.