Mguu mmoja mfupi: pima kwanza, soli baadaye

Asalaam alaykum. Huku Pemba kila msimu wa karafuu kuna mtoto anaanguka mkarafuuni. Mfupa unaungwa, anarudi skuli, kisha siku moja mama anaona pindo la kanzu linaburura upande mmoja. Anakwenda kwa fundi viatu kuongeza soli. Nakuombeni, tujue sababu kwanza.

1. Mtoto asimame pekupeku, magoti yamenyooka, wewe ukae nyuma yake. Weka viganja juu ya mifupa ya kiuno, kulia na kushoto. Kiganja kimoja kikishuka, tia daftari chini ya mguu wa upande ule, uongeze moja moja mpaka viganja vilingane. Pima unene wa madaftari kwa rula: hiyo ndiyo tofauti, kwa makisio.

2. Alale mkekani. Kwa futi ya fundi cherehani pima kutoka mfupa unaochomoza mbele ya nyonga hadi kifundo cha ndani. Miguu ikiwa sawa hapa lakini akisimama kiuno kinainama, huenda mgongo umepinda au nyonga imekaza. Soli haitibu hilo.

3. Sababu ni nyingi: mfupa kuunga ukiwa umepandana, usaha ndani ya mfupa, polio, nyonga iliyotoka tangu kuzaliwa. Ninayoihofia zaidi kwa watoto ni jeraha la sehemu ya mfupa inayokua, karibu na goti au kifundo. Leo tofauti haionekani, lakini mguu mmoja unaendelea kukua na mwengine umesimama.

4. Nenda hospitali, kama Abdalla Mzee, Mkoani, au Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja. Eksirei ipigwe amesimama.

5. Chini ya sentimita 2 mara nyingi hapahitajiki kitu. Kati ya 2 na 5, soli. Au kwa anayekua, operesheni ndogo ya kuzuia mguu mrefu usiendelee kukua. Hii ina wakati wake: wasichana humaliza kukua kwenye miaka 14 hivi, wavulana 16. Zaidi ya 5, mfupa hukatwa na kurefushwa kwa vyuma, milimita 1 kwa siku, kisha miezi ya kusubiri ukomae.

Maswali

*Wangu ana miaka 9, tofauti sentimita moja na nusu. Nisubiri?*
Daktari amuone sasa, bibie, kisha apimwe kila miezi 6 na uandike. Ikiongezeka, usingoje.

*Kiatu cha skuli kina soli, nyumbani je?*
Ndani ya kiatu isizidi sentimita 1, iliyobaki ishonewe chini. Fundi aongeze na ndara moja ya nyumbani.

*Mkandaji anaweza kuurefusha?*
Hawezi, ndugu yangu. Na mtoto mchanga mwenye nyonga iliyotoka asivutwe mguu kabisa.

*Baba ana miaka 60, alivunjika paja ujanani, tofauti sentimita 3. Tumuwekee zote?*
Anza na moja. Mgongo wake umeshazoea. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na akiona maumivu mapya mrudishe nyuma.