Kuitengea Pemba dirisha lake katika chaneli ya HD

Chaneli inayorushwa kutoka Unguja na kutazamwa Pemba hukutana mapema na haja ya kuyatenganisha matangazo kwa muda mfupi, ama kwa ajili ya taarifa ya habari ya Chake Chake na Wete, ama kwa tangazo la mabadiliko ya safari za meli bandarini Mkoani, ama, na kwa maoni yangu hili ndilo zito kuliko yote, kwa ajili ya adhana. Jua huzama Pemba kabla ya Unguja, kwa wastani wa dakika mbili hivi, tofauti inayopungua karibu na mwezi wa Juni na kufikia karibu dakika nne mwezi wa Disemba. Alfajiri nayo hutangulia huko, ila miezi yake ya tofauti kubwa na ndogo ni kinyume. Aliyepo Pemba akifuturu kwa adhana ya Unguja amechelewa kidogo tu, lakini akila daku kwa saa ya Unguja anaweza kuwa bado anatafuna ilhali alfajiri ya kwao imeshaingia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa mitambo na wapangaji wa vipindi wanaotaka kuandaa dirisha la namna hiyo, yaani kipande cha muda ambacho Pemba huoneshwa matangazo yake, katika chaneli ya HD (picha ya ubora wa juu). Utengano wenyewe si jambo jipya wala gumu. Kinachoufanya uwe ghali ni HD. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza, kabla ya kununua kamera wala kujenga studio, ni kuchagua mahali pa kukata: katika chumba cha kurushia matangazo, katika mtambo ulio upande wa Pemba, au ndani ya king'amuzi cha mtazamaji.

Hesabu ya nafasi

Anza na hesabu ya megabiti, maana ndiyo itakayokuambia unachoweza na usichoweza. Picha ya HD ya nukta 1920 kwa 1080, ikiwa haijabanwa, hupita katika waya wa studio uitwao SDI kwa gigabiti 1.485 kwa sekunde, na ile ya kawaida ya mistari 576 hupita kwa megabiti 270. Zikishabanwa kwa mfumo wa H.264, picha ya kawaida hutosheka na megabiti mbili hadi tatu kwa sekunde, ilhali HD hutaka kati ya sita na kumi. Kiwango cha juu kinahitajika hasa katika mpira na katika picha za bahari, kwa kuwa enkoda, mashine ya kubana picha, hubana kwa kutegemea vile vitu ambavyo havikubadilika kati ya fremu moja na nyingine, na mawimbi hayaipi nafasi hiyo. Anayerusha mashindano ya ngalawa kwa megabiti nne ataona maji yakigeuka vipande vya mraba.

Multipleksi moja (furushi la chaneli zinazorushwa pamoja katika masafa mamoja) ya DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena, yenye upana wa megahezi 8, ikipangwa kwa namna inayotumika Uingereza, hubeba takriban megabiti 40 kwa sekunde, yaani chaneli tano au sita za HD zenye hali nzuri. Sasa fikiria kuwa umeamua kurusha chaneli mbili kamili, moja ya Unguja na moja ya Pemba, katika multipleksi hiyo hiyo. Kwa saa ishirini na tatu na nusu zote mbili zitaonesha kitu kimoja, na kwa nusu saa tu zitatofautiana, huku nafasi ya chaneli nzima ya HD ikiwa imekwenda bure. Hesabu hii ndiyo iliyowashinda hata wakubwa. BBC ilipoanzisha BBC One HD tarehe 3 Novemba 2010, chaneli hiyo haikuwa na habari za mikoa ya England. Wakati wa habari hizo mtazamaji alioneshwa maelezo ya kumtaka ahamie chaneli ya kawaida. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya mikoa yote kupata habari zake kwa HD katika setilaiti. Kwa hiyo mtu asione haya kuanza na dirisha dogo.

Mahali pa kukata

Kukata katika chumba cha kurushia, Unguja, ndiko kwepesi kwa wafanyakazi: mashine moja huendesha orodha mbili za vipindi, zinazofanana isipokuwa ndani ya dirisha. Ubaya wake ni kuwa unahitaji njia mbili kamili za HD hadi mwisho wa safari, kwa gharama niliyokwisha kuieleza. Ni njia ya mwenye nafasi ya kutosha, au ya mwenye kulipa njia ya kwenda Pemba kivyake.

Kukata upande wa Pemba ndiko ninakokupendelea kwa matangazo ya antena za kawaida, na jiografia yenyewe inakusaidia. Vituo vingi hupenda kuendesha minara yao kama mtandao wa masafa mamoja, ambamo minara yote hurusha biti zile zile kwa wakati ule ule. Mtandao wa aina hiyo huvumilia tu mwachano wa mawimbi usiozidi muda wa kinga, yaani nafasi inayoachwa ili wimbi lililochelewa lisiharibu linalofuata. Kwa mpangilio wa DVB-T2 uitwao 32K wenye kinga ya sehemu moja ya kumi na sita, muda huo ni mikrosekunde 224, sawa na kilomita 67 za safari ya mawimbi. Kutoka Mjini Unguja hadi Chake Chake ni zaidi ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ungelazimika kuongeza kinga hadi sehemu moja ya nane na kupoteza uwezo wa kubeba ambao HD inauhitaji. Ni bora Pemba ipewe masafa yake, na ikishakuwa nayo, biti zake si lazima tena zifanane na za Unguja, na hapo ndipo mlango wa dirisha unapofunguka. Kuna tahadhari moja: ikiwa ndani ya Pemba kwenyewe kuna minara miwili au zaidi inayotumia masafa mamoja, pachika kipindi cha Pemba kabla ya mtambo unaoigawia minara hiyo matangazo, kamwe usipachike kwenye mnara mmoja mmoja. Mnara mmoja ukirusha kitu tofauti na mwenzake kwa masafa yale yale, wote wawili wanakuwa kelele kwa mtazamaji aliye katikati.

Upachikaji wenyewe hufanywa kwa njia mbili. Unaweza kuifungua picha iliyofika kutoka Unguja, ukaibadili kwa swichi ya kawaida ya studio, kisha ukaibana upya. Hii ni rahisi kuielewa lakini hupunguza ubora wa picha kutwa nzima kwa sababu ya dirisha la nusu saa, na huongeza ucheleweshaji. Njia ya pili ni kuunganisha moja kwa moja picha zikiwa zimebanwa. Hapo enkoda ya Unguja lazima iweke fremu kamili, isiyotegemea nyingine, katika nukta hasa ya kukata, na mashine ya kurushia itume ishara ya SCTE-35, inayotaja nukta ya kukata, angalau sekunde nne kabla, ili kifaa cha Pemba kijiandae. Ukikata mahali pengine popote, mtazamaji ataona picha iliyochanika mpaka fremu kamili inayofuata ifike. Ninapendekeza njia hii ya pili, kwa sharti kwamba fundi aliyepo Pemba amefundishwa kuisoma ishara hiyo katika kifaa cha kupimia badala ya kukisia.

Kwa setilaiti, kukata Pemba hakuwezekani, kwa kuwa mwale unaoteremka ni mmoja kwa visiwa vyote na Bara kote. Kinachobaki ni kukata katika king'amuzi, na Wajerumani wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi. Kituo cha NDR cha kaskazini mwa Ujerumani hugawika kila jioni saa moja na nusu katika majimbo manne, na kila jimbo lina jina lake katika orodha ya chaneli. Nje ya nusu saa hiyo, majina yote manne huelekeza kwenye picha na sauti moja. Siri imo katika jedwali la PMT, linaloiambia dekoda (king'amuzi) ni namba gani za picha na sauti zilizo za chaneli fulani: dirisha likifika, jedwali hubadilishwa na kuelekeza kwenye namba za jimbo husika, na likipita hurudishwa. Chaneli mbili zinaonekana, lakini nafasi ya pili hutumika kwa nusu saa tu, na muda uliobaki inaweza kubeba kitu kingine.

Ubaya wa njia hii ni ving'amuzi vya zamani au vya bei poa, ambavyo huzisoma namba hizo mara moja tu mtu anapofika kwenye chaneli na kisha haviziangalii tena. Mwenye king'amuzi hicho atabaki na habari za Unguja, au kioo cheusi, mpaka ahame chaneli na kurudi. Kwa hiyo kila ubadilishapo jedwali, ongeza namba ya toleo lake, na urudie kulirusha angalau kila milisekunde 100. Watoaji wa chaneli za kulipia wana njia nyingine, ya kumpangia mteja orodha ya chaneli kulingana na eneo alilosajili kadi yake, kama ifanyikavyo Uingereza, ambako namba 101 ya kampuni ya setilaiti ya Sky humpa kila mteja BBC One ya eneo lake. Inafaa, almradi watu wasisafiri na ving'amuzi vyao. Na kwetu watu husafiri navyo.

Picha, sauti na saa

Dirisha la Pemba lazima lifanane na chaneli mama kwa kila kipimo. Ikiwa chaneli inarusha 1080i (mistari 1080 inayotumwa nusu kwa nusu), studio ya Pemba nayo itoe 1080i. Ikiwa imechagua 720p (mistari 720 inayotumwa yote kwa pamoja) kwa fremu 50 kwa sekunde, kama walivyochagua ARD na ZDF wa Ujerumani, na iwe hivyo pande zote. Ukibadili ukubwa wa picha katikati ya matangazo, dekoda hulazimika kujipanga upya na kioo huzima kwa sekunde moja au zaidi. Ikiwa Pemba bado ina kamera za picha ya kawaida, ipandishe picha hadi ukubwa wa HD kabla ya enkoda: haitakuwa HD ya kweli, lakini haitamvunjia mtazamaji picha. Hifadhi za zamani zenye umbo la nne kwa tatu, nazo ni nyingi Zanzibar kwa kuwa televisheni ya rangi ilianza hapa miaka ya 1970, ziachwe na umbo lake na pembeni pajazwe rangi nyeusi. Kuzivuta zikijaze kioo ni kuwanenepesha wazee wetu bila ruhusa yao.

Sauti husahauliwa na ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Pande zote mbili zipime sauti kwa kipimo kimoja, LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 23 chini ya sifuri, ili mtu asilazimike kuikimbilia rimoti kila dirisha linapofunguka.

Kuhusu saa, andika utaratibu mmoja na ubandike ukutani. Mtangazaji husema saa mbili usiku, mashine ya kurushia husoma 20:00, na jedwali la ratiba linalokwenda kwenye king'amuzi huandikwa kwa saa ya kimataifa, ambayo kwa wakati huo ni 17:00. Saa tatu tofauti kwa tukio moja. Anayejaza ratiba kwa mkono bila kukumbuka hilo anaweza kuisoma saa mbili kama 14:00 na kulifungua dirisha saa nane mchana. Kwa adhana usitumie saa isiyobadilika kabisa: ingiza jedwali la nyakati la kila kisiwa kwa mwezi mzima, na uondoe sekunde kadhaa ambazo enkoda na setilaiti huchelewesha.

Njia ikikatika

Taarifa inayorekodiwa ni bora itumwe Unguja kama faili mapema jioni, au ihifadhiwe katika mashine iliyo Pemba, kuliko kutegemea njia ya moja kwa moja bila sababu. Pale ambapo matangazo ya moja kwa moja ni lazima, iwekee mashine kanuni: ikiwa picha ya Pemba haijafika ikiwa timamu sekunde kumi kabla ya kukata, isikate, na Pemba iendelee kuona kipindi cha wote. Mwishoni mwa taarifa acha sekunde ishirini au thelathini za muziki na picha za mandhari zinazoweza kukatwa popote, kwa kuwa msomaji wa habari humaliza mapema au huchelewa, lakini chaneli mama haimngoji.

Kabla ya kutangaza huduma, kusanya ving'amuzi vya kila aina vinavyouzwa Darajani, Chake Chake na Wete, pamoja na vile vikuukuu ambavyo watu bado wanavitumia, uviwashe kwenye chaneli hiyo kabla ya dirisha na usiguse rimoti mpaka dirisha lifungwe. Andika kilichotokea kwa kila aina na kwa toleo la programu yake, katika kufungua na katika kufunga, kwa sababu vipo vinavyokwenda vizuri na kushindwa kurudi. Rudia jaribio hilo kwa mtu anayerekodi, kisha nakala ya orodha ipelekwe kwa wanaopokea simu za watazamaji, ikiwa na maelezo ya nini cha kubonyeza kwa kila king'amuzi kinachokwama.