Namna ya kufuatilia msimu mbovu: mwongozo wa shabiki wa White Sox

Mwaka 2024 Chicago White Sox walipoteza mechi 121 kati ya 162. Tangu 1901, mwaka unaohesabiwa kuwa mwanzo wa besiboli ya kisasa, hakuna timu ya Ligi Kuu ya Marekani iliyowahi kufikisha idadi hiyo. Rekodi ya awali ilikuwa 120, ya New York Mets wa 1962. Niliufuata msimu ule tangu Machi hadi Septemba, zaidi redioni kwa sababu kazi yangu ya uuguzi ni ya zamu za usiku, na nilipopata nafasi nilikwenda uwanjani, pale Mtaa wa 35 kusini mwa jiji. Waswahili wenzangu wa huku wananiuliza niliwezaje. Wengi wao watoto wao wameupenda mchezo huu shuleni, nao wamejikuta wanashabikia timu inayofungwa kila kukicha. Nawaandikia hao.

Kwanza, weka pembeni hesabu za soka. Besiboli haina sare, na hata bingwa hupoteza sana. Los Angeles Dodgers, waliotwaa ubingwa mwaka uleule, walipoteza mechi 64. Kwa hiyo usiumie kila jioni kama mtu wa Simba aliyefungwa na Yanga. Timu ya kawaida hushinda karibu nusu ya mechi zake, timu dhaifu hushinda nne katika kila kumi, na White Sox wa 2024 walishinda moja katika kila nne. Hapo ndipo unapoona ukubwa wa janga.

Halafu jifunze kutofautisha bahati mbaya na timu mbovu. Usitazame ushindi peke yake, tazama mikimbio, yaani alama ambazo timu hupata kila mchezaji wake anapozunguka vituo vyote. White Sox walifunga mikimbio 507 msimu mzima na kuruhusu 813. Gawanya kwa mechi 162, utaona walikuwa wakifunga mitatu na ushei kwa mechi huku wakiruhusu mitano. Pengo hilo haliwezi kuitwa bahati. Timu iliyopoteza nyingi lakini mikimbio yake imekaribiana ina haki ya kutarajia mwaka ujao mzuri. Yenye pengo la mikimbio 306, jiandae kwa safari ndefu. Na kweli, 2025 White Sox walishinda mechi 60 na kupoteza 102. Wamepanda, na mimi nilifurahia kila moja ya zile 19 zilizoongezeka, ila bado ni zaidi ya mia.

Jambo la tatu linatusumbua sana sisi tuliokulia Afrika Mashariki: hakuna kushuka daraja. Mimi ni mtu wa Tanga, timu yangu ya kwanza ni Coastal Union. Mwaka 2016 Coastal, African Sports na Mgambo JKT zilishuka zote tatu kwa pamoja, mji mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu. Ilituuma, lakini adhabu ilikuwepo na kila mtu aliiona. Huku timu inaweza kupoteza mara 121 na Machi inayofuata ikaanza sawa na bingwa. Kwa sababu hiyo uongozi unaweza kuamua kuuza wachezaji wazuri katikati ya msimu ili kupata vijana. Julai 2024 waliwaachia Erick Fedde, Michael Kopech na Tommy Pham kwa siku moja. Kopech alikwenda Dodgers, na Oktoba akawa bingwa. Ukijua utaratibu huu mapema, hutashangaa Agosti ukikuta majina mapya uwanjani.

Sasa tuje kwenye kutazama kwenyewe, maana hapa ndipo msimu mbovu unapookolewa.

Chagua mechi kwa kumtazama mrushaji anayeanza, yule anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani. Majina yao hutangazwa siku kadhaa kabla. Katika besiboli mtu huyu mmoja anaweza kuibadilisha jioni nzima, hata kama wenzake wote hawafai. Mwaka ule wetu alikuwa Garrett Crochet, aliyekuwa hajawahi kuanza mechi hata moja ya Ligi Kuu. Alianza mechi ya ufunguzi, tarehe 28 Machi dhidi ya Detroit Tigers: awamu sita kati ya tisa za mechi, mkimbio mmoja tu alioruhusu, wapigaji wanane wakatolewa kwa straiki, yaani mipira mizuri waliyoikosa au kuiacha ipite. Tulifungwa 1-0. Matokeo yalisema tumeshindwa, lakini aliyemtazama Crochet alijua ameona mrushaji wa daraja la juu. Alimaliza msimu akiwa amewatoa wapigaji 209 kwa straiki katika awamu 146, akaitwa timu ya nyota. Rekodi yake binafsi ilikuwa ushindi 6 na vipigo 12, na hiyo ni sababu ya kutomhukumu mrushaji kwa rekodi ya ushindi pale timu yake haifungi. Desemba wakamuuza Boston Red Sox. Liliniuma hilo kuliko vipigo vyote 121.

Weka daftari. Jirani yangu, mzee aliyeishabikia timu hii tangu ujana wake, ndiye aliyenifundisha, na sasa siwezi kutazama bila kalamu. Walinzi wana namba: mrushaji 1, mdakaji 2, kituo cha kwanza 3, cha pili 4, cha tatu 5, yule anayesimama kati ya cha pili na cha tatu 6, kisha walinzi wa nyuma kushoto 7, katikati 8, kulia 9. Mpira ukipigwa kwa wa 6 naye akautupa kituo cha kwanza mpigaji akatoka, andika 6-3. Aliyetolewa kwa straiki tatu mwandikie K, na kama ya mwisho aliiacha ipite bila kuzungusha rungu, igeuze K iangalie nyuma. Ni hayo tu kwa kuanzia. Faida yake ni kwamba timu ikiwa nyuma 7-1 awamu ya sita, wewe bado una kazi mkononi, na utaona vitu ambavyo aliyekata tamaa havioni: kijana aliyepiga vibaya mara tatu lakini kila mara alimlazimisha mrushaji kurusha mipira mingi, au mlinzi anayechelewa hatua moja kila anapokwenda kulia.

Tena timu inayopoteza hukufundisha sheria usizozijua. Tarehe 23 Mei tulikuwa nyuma 8-6 dhidi ya Baltimore Orioles, awamu ya tisa, wakimbiaji kituo cha kwanza na cha pili, aliyetolewa ni mmoja kati ya watatu wanaomaliza zamu ya timu kupiga. Andrew Benintendi akapiga mpira wa juu, mwepesi, usiotoka uwanja wa ndani. Katika hali hiyo mpigaji hutolewa hata mpira usipodakwa, ili mlinzi asiuangushe kwa makusudi akapata watu wawili. Lakini mwamuzi akaona pia kwamba Andrew Vaughn, akirudi kituo cha pili, alimzuia Gunnar Henderson aliyekuwa akiufuata mpira. Wawili wakatoka kwa pigo moja, mechi ikaisha hapohapo. Nilikasirika. Kisha nikaisoma sheria yenyewe neno kwa neno, na sasa naweza kumweleza yeyote.

Kuhusu mfululizo wa vipigo nina ushauri mmoja: usiuhesabu usiku kucha. Kuanzia 10 Julai hadi 5 Agosti tulipoteza mara 21 mfululizo, sawa na rekodi ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, iliyowekwa na Orioles wa 1988. Tarehe 6 Agosti huko Oakland tukashinda 5-1. Siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol alifukuzwa, rekodi ikiwa ushindi 28 na vipigo 89. Grady Sizemore aliyeshika nafasi akamaliza na ushindi 13 na vipigo 32. Linganisha uwiano huo mwenyewe kabla ya kuamini kwamba kumfukuza kocha ndiyo dawa. Hasira yako ipeleke kwa wanaojenga kikosi na wanaokilipia. Septemba mashabiki walipaza sauti uwanjani wakimtaka mmiliki auze timu, na sikuona ubaya, kwa sababu kelele hizo hazikuwalenga vijana waliokuwa wanacheza. Wiki hiyohiyo, wengine wakiwa wamekuja kushuhudia rekodi ya 121, vijana hao waliwafunga Los Angeles Angels mechi zote tatu. Rekodi ikawakuta Detroit tarehe 27.

Usijifariji pia kwamba kupoteza kunalipa. Ni kweli timu dhaifu hupewa nafasi za mbele katika kuteua vijana, lakini siku hizi ni kwa bahati nasibu, na timu za miji mikubwa haziruhusiwi kuingia humo miaka miwili mfululizo. White Sox waliteua wa tano mwaka 2024, kwa hiyo 2025, baada ya vipigo vyote vile, nafasi ya juu kabisa waliyoweza kupata ilikuwa ya 10.

Tumaini lenye ushahidi litafute ligi ndogo. Mwaka uleule wa 121, Birmingham Barons, inayolea vijana wa White Sox, ilitwaa ubingwa wa Southern League. Fuatilia majina ya huko, halafu yasubiri yapande. Watoto nao wape historia: Mets wa vipigo 120 walikuwa mabingwa 1969, Tigers waliopoteza 119 mwaka 2003 walicheza fainali 2006, na White Sox wenyewe walitwaa ubingwa 2005 baada ya kusubiri tangu 1917. Kwenye mechi ya kwanza ya fainali ile, mmoja wa waliokaa jukwaani alikuwa padre Robert Prevost, ambaye leo ni Papa Leo XIV.

Kwa mlioko nyumbani Afrika Mashariki, mechi za usiku za Chicago zinawaangukia saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri, msijitese nazo. Chukueni za Jumapili. Kwa kawaida nyumbani kwetu huanza saa 7 na dakika 10 mchana, ambayo kwenu ni saa 3 na dakika 10 usiku. Angalieni kwanza nani anarusha.