Semi Inakula Tenki Moja na Kuliacha Jingine: Anzia Kwenye Kifuniko

Msimu wa korosho ukifika, semi zinazoshuka Mtwara kutoka Masasi, Newala na Tandahimba hazina muda wa kulala gereji. Ndicho kipindi ninachosikia sana lalamiko hili: "Fundi, tenki la kulia limekauka, la kushoto limejaa pomoni." Jambo hili linaniuma, kwa sababu mwenye gari akichungulia tenki na kulikuta tupu, wa kwanza kushukiwa ni dereva. Nimewahi kumwona dereva akikatwa mshahara kwa lita ambazo hazikutoka garini kabisa. Zilikuwa zimehamia upande wa pili. Kwa hiyo, fundi mwenzangu, kabla hujagusa spana, na wewe tajiri kabla hujamwita mtu mwizi, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Pima kwa kijiti, usiamini geji

Magari mengi yana boya la geji kwenye tenki moja tu, kwa hiyo dashibodi haiwezi kukueleza habari za matenki mawili. Egesha mahali tambarare kweli, zima injini, weka kabari kwenye matairi. Chukua kijiti kikavu kilichonyooka, kizamishe hadi chini ya kila tenki, pima sehemu iliyolowa kwa futi kamba na uandike sentimita zake.

Tofauti ndogo si ugonjwa. Barabara yetu imeinama kuelekea pembeni ili maji yatiririke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo tenki la kushoto huwa chini kidogo. Mwinamo wa asilimia 2, matenki yakiwa mita 2 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, unakupa tofauti ya sentimita 4. Gari likisimama sawasawa, tofauti hiyo inajirekebisha yenyewe. Angalia pia kama kichwa kimelalia upande mmoja kwa springi iliyovunjika au mfuko wa upepo unaovuja.

Kisha pima jioni, liache gari usiku kucha, upime tena alfajiri. Kama lina mpira wa chini unaounganisha matenki na asubuhi umekuta yamelingana, njia ipo ila ni nyembamba. Yasiposogea hata kidogo, njia imeziba au hewa inazuia.

Hatua ya 2: Ingia chini, ujue gari lako limefungwaje

Yapo yanayovuta tenki moja tu, na lile jingine linalisha lenzake kupitia mpira wa chini. Yapo yanayovuta matenki yote kwa mipira miwili inayokutana kwenye tii, yaani kiungo chenye njia tatu, na mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini, yaani ritani, nayo yanagawanywa kwa tii nyingine. Fuata kila mpira kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Usikisie kwa sababu gari la jana lilikuwa la aina hiyohiyo. Magari yetu mengi yameshapita mikono ya mafundi wengi.

Hatua ya 3: Tundu la kupumulia

Hapa ndipo nakuomba utulie. Tenki linapotoa dizeli lazima liingize hewa. Tundu la kupumulia, ambalo mara nyingi liko kwenye kifuniko, likiziba, nafasi iliyo juu ya mafuta inabaki na mvuto, na mvuto huo unayashikilia mafuta yasiteremke. Hauhitaji kuwa mkubwa. Hewa ya kawaida inatusukuma kwa takriban kilopaskali 101, lakini dizeli yenye kimo cha sentimita 30 inashikiliwa na kilopaskali 2.5 tu. Ukitia maanani vumbi la simenti, vumbi la makaa ya mawe yanayoletwa bandarini na udongo wa vijijini, utaelewa jinsi tundu hili linavyoziba upesi. Hata nyigu wajengao kwa udongo wanapenda kujificha kwenye kimpira chake.

Kumbuka hili: tenki lililoziba ndilo *linalobaki limejaa*. Watu wengi wanalichunguza lile lililokauka.

Namna ya kupima ni rahisi. Gari likirudi safarini, kabla ya kitu kingine chochote, fungua taratibu kifuniko cha tenki lililojaa huku umesogeza sikio. Ukisikia "fsss" hewa ikiingia, umemkamata mkosaji. Acha kifuniko wazi kwa nusu saa, upime tena kwa kijiti. Matenki yakianza kukaribiana, huhitaji kufungua pampu.

Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha lifti pampu, yaani ile inayovuta dizeli kutoka kwenye tenki, ya semi moja kwa shida hii. Siku mbili baadaye gari likarudi vilevile. Kifuniko kilipofunguliwa nikasikia mlio huo, na ndani ya tundu kulikuwa na tope la simenti lililogeuka jiwe. Nilimrudishia mwenye gari pesa ya ufundi, na tangu hapo huanzia kwenye kifuniko.

Kusafisha, loweka kwa dizeli kisha puliza upepo wa wastani. Usipenyeze msumari, maana vifuniko vingi vina kigololi cha kuzuia mafuta yasimwagike gari likipinduka. Wala usitoboe kifuniko: masika ikija utakuwa unachoma maji.

Hatua ya 4: Mpira wa chini

Kwanza hakikisha koki zote mbili zimefunguliwa. Kuna watu huzifunga wakati wa matengenezo wakasahau. Kisha zifunge, weka ndoo, vua mpira. Fungua koki moja kidogo, ifunge, halafu nyingine. Upande unaotiririka kinyonge ndio wenye uchafu kwenye tundu la kutokea. Mpira wenyewe uchungulie ndani, kwa sababu wa zamani unaweza kuwa mzima kwa nje na ngozi ya ndani imebanduka ikafunga njia. Usiweke mpira wa maji, dizeli inauvimbisha. Ukirudisha, fungua koki ya tenki lenye mafuta mengi, legeza klipu ya upande wa pili hadi dizeli itoke bila mapovu, ndipo ukaze.

Hatua ya 5: Upande wa kuvuta

Hii ni ya magari yanayovuta matenki yote. Pampu hupendelea njia nyepesi. Filta ya mdomoni mwa bomba la kuvutia ikiwa na kipande cha nailoni au kitambaa, tenki hilo linaachwa. Bomba la kuvutia likipasuka karibu na juu, gari litakwenda vizuri matenki yakiwa yamejaa, kisha litaanza kuvuta hewa dizeli ikishuka chini ya ufa. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, vuta tenki moja moja, utazame mapovu. Kamwe usinyonye dizeli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni ni hatari kubwa. Tumia pampu ya mkono.

Hatua ya 6: Ritani

Sasa turudi kwa yule dereva aliyekatwa mshahara. Chukua mfano: pampu inavuta lita 140 kwa saa, injini inachoma 40, lita 100 zinarudi. Kila tenki limetoa 70. Ritani ikigawanyika sawa, kila moja linarudishiwa 50 na kupungukiwa 20. Mpira wa ritani wa kulia ukiziba, zote 100 zinakwenda kushoto: kushoto *linaongezeka* lita 30, kulia linapoteza 70. Hakuna aliyeiba hata tone.

Dizeli inayorudi ina joto. Gari likitoka safari, gusa kwa tahadhari mipira ya ritani karibu na matenki. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, jibu liko mkononi mwako. Kuthibitisha, ingiza ritani zote mbili kwenye madumu mawili yanayofanana, washa injini kwa dakika tano bila kukanyaga mafuta, ulinganishe. Kisha vua mpira ulioziba pande zote mbili, uupulize, na ukague kona ulipojikunja au kubanwa na chasi.

Hatua ya 7: Safari ya majaribio

Jaza matenki sawa, pima, andika. Mtwara hadi Lindi mjini ni kilomita 100 na ushee, zinatosha. Pima tena ukifika, mahali tambarare, na dereva awepo aone sentimita zote mbili zikiandikwa kwenye daftari la gari.