Kuandika riwaya ya taharuki: marafiki wanne, kisiwa na kosa la zamani

Hatua ya 1: Anza na usiku wa kosa
Kisiwa, ambako marafiki wanne watakutana miaka 12 baada ya kosa lao, kisubiri. Mfano wangu ni huu: wavulana watano wa bweni walitoroka usiku kwenda kuogelea, wakarudi wanne. Mwili wa Salum haukupatikana, na shuleni akaandikwa mtoro. Uandike usiku huo wote, hata kama msomaji hatausoma kamwe.

Hatua ya 2: Gawa kosa
Chora jedwali, kila mtu na safu yake. Hamisi alimchokoza Salum aogelee hadi kwenye boya. Kombo alisikia sauti akajifanya hakusikia. Bakari alimdanganya mwalimu wa zamu. Juma alimwona akizama. Kila mmoja anaamini yeye peke yake ndiye mkosaji, na hajui wenzake wanaficha nini. Usikubali wote wajue jambo lile lile. Watakosa la kufichana, na hadithi itakufia mikononi.

Hatua ya 3: Funga njia
Mimi hutumia maji. Katika pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa 6 kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Chagua kisiwa kinachofikika kwa miguu maji yakipwa, wapeleke hao wanne wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kisha mpe msomaji saa za maji mapema ili ahesabu mwenyewe.

Simu waachie, tena ziwe na mtandao. Anayempigia mwenye mashua atalazimika kueleza kwa nini wanataka kuondoka usiku, na hakuna aliye tayari.

Hatua ya 4: Neno moja limponyoke mtu
Hapa mimi hukaa wiki nzima.

"Pweza huyu, marehemu angemmaliza peke yake," Juma alisema.

Kombo aliweka kijiko chini. "Marehemu nani?"

Kwa miaka 12 wamemwita Salum "yule". Mtoro haitwi marehemu. Usieleze zaidi ya hapo. Sogeza sahani, washa taa, acha maji yaendelee kujaa.

Hatua ya 5: Kagua
Soma sura za mhusika mmoja mmoja ukiwa na jedwali mkononi. Akijua kitu kisichomo kwenye safu yake, futa. Na usiingie kichwani mwa Juma kabla ya mlo ule: ukituonyesha mawazo yake huku ukituficha alichokiona, msomaji atajua umemdanganya.