Kabla ya Kuipeleka Volvo 240 Kwenye Kipimo cha Moshi California

Wenye Volvo 240 stesheni wagoni huku California wengi hukimbilia kununua katalitiki mpya, lile kopo la kusafishia moshi, mara tu gari linapofeli kipimo cha moshi. Ni haraka inayokula pesa. Kopo hilo lililo kwenye bomba la moshi mara nyingi limeharibiwa na kitu kingine kilichoko juu, kwenye injini, na kitu hicho kisipotengenezwa kitaliua hata kopo jipya. Kwa hiyo maandalizi yaanzie hewa inapoingia, yapite kwenye cheche na mafuta, na katalitiki iwe ya mwisho kuguswa.

Jua kwanza gari lako litapimwaje. Magari ya petroli ya 1976 na kuendelea hupimwa kila baada ya miaka miwili, isipokuwa yale ambayo bado ni mapya, na hupimwa pia yanapouzwa. Ya 2000 na kuendelea husomwa kwa kompyuta. 240 iliacha kutengenezwa 1993, kwa hiyo katika sehemu nyingi za mijini hupandishwa kwenye rola, yaani vyuma vya mviringo vinavyozunguka: magurudumu ya nyuma yanazungushwa yakiwa yamebebeshwa mzigo, kwanza kwa mwendo wa maili 15 kwa saa, kisha 25, huku kifaa cha kupimia kimechomekwa kwenye bomba la moshi. Isome vizuri barua ya DMV, idara ya magari ya jimbo, maana kuna magari yanayolazimika kwenda kwenye kituo chenye alama ya STAR, na cheti cha kituo kingine hakitakusaidia. Matairi ya nyuma yawe na upepo wa kutosha na yasiwe yametoka nyuzi. Fundi ana haki ya kukataa kulipandisha gari.

Halafu tafuta karatasi ya kipimo kilichopita. Watu huiangalia kama wamepita au wamefeli, wakaitupa, na hapo wanatupa habari zote. Kwa kila gesi imeandikwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa na kiasi gari lako lilichotoa. Gari lililopita kwa kuponea chupuchupu miaka miwili iliyopita huenda lisipite safari hii bila kuguswa.

Namba zile zinasema. Haidrokaboni ni petroli ambayo haikuungua. Zikipanda peke yake, shuku cheche: plagi, waya zake, kofia ya disibyuta na roto. Kaboni monoksaidi ikipanda, injini inalishwa petroli kupita kiasi. Hapo angalia sensa ya joto la maji, kwa sababu ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta ya injini itaendelea kumwaga mafuta. Angalia pia themostati iliyokwama wazi, na sensa ya oksijeni iliyochoka, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa hiyo nalo huleta balaa hilohilo: hewa ya nje inaingia, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Oksaidi za naitrojeni ni habari tofauti kabisa. Hizo hutokana na joto kali mno ndani ya silinda, kwa radieta iliyoziba, masizi yaliyoganda juu ya pistoni, au mchanganyiko wenye petroli kidogo. Gesi zote tatu zikiwa juu kidogo kidogo na injini haina kasoro, sasa ndiyo una haki ya kuishuku katalitiki.

Kuna ugonjwa mmoja wa 240 ambao ningependa kila mwenye gari hili aujue. Kwenye boksi la filta ya hewa kuna bomba linaloleta hewa ya moto kutoka kwenye manifoldi ya ekzosi, la kusaidia injini ikiwa baridi. Themostati ndogo ndani ya boksi inapaswa kulifunga injini ikishapata moto. Ikifa, injini inavuta hewa ya moto mchana kutwa, oksaidi za naitrojeni zinapanda, na kipima hewa, ambacho ni cha bei, kinaungua taratibu. Fungua boksi ukague kile kifuniko cha ndani. Bomba lenyewe usiling'oe, maana mkaguzi huangalia kwa macho kama vifaa vyote vya kiwandani vipo.

Ukaguzi huo wa macho ndio unaowaangusha walionunua katalitiki ya bei rahisi kutoka jimbo jingine. California inataka ile yenye namba ya idhini ya jimbo kwa gari hilohilo. Isiyo na namba hiyo itafeli hata moshi ukitoka safi kabisa.

Kama gari lako ni la 1989 hadi 1993, una bahati. Chini ya boneti, upande wa kushoto, kuna kijisanduku cheusi chenye kijiwaya na taa nyekundu. Chomeka kijiwaya tundu namba 2, washa swichi bila kuwasha injini, bonyeza kitufe kidogo, kisha hesabu mimweko. 1-1-1 maana yake kompyuta haijaona kasoro. 2-1-2 inaelekeza kwenye sensa ya oksijeni, 1-2-1 kwenye kipima hewa, 1-2-3 kwenye sensa ya joto la maji. Rudia kwenye tundu namba 6 kwa upande wa cheche. Haigharimu hata senti moja.

Badilisha oili kabla ya kipimo. Oili iliyokaa muda mrefu hubeba petroli, na mvuke wake hurudishwa kwenye injini ukaungue. Safisha pia kile kichujio cha mvuke wa oili chini ya manifoldi ya hewa, ambacho kwenye injini hizi huziba kila mara. Kifuniko cha tanki kiwe na mpira mzima, kwa sababu nacho hupimwa, pamoja na kama mfumo wa tanki unavuja. Tanki lisijazwe hadi juu, nusu inatosha.

Kwa wenye kipato kidogo, jimbo lina mpango wa kusaidia gharama za matengenezo ya gari lililofeli. Omba kwanza, usubiri ukubaliwe, ndipo gari liguswe. Ukitengeneza kabla, pesa hizo hurudishiwi. Na kama bado una wasiwasi, kiombe kituo jaribio lisilo rasmi, ukiliomba kabla fundi hajaanza.

Nayasema haya nikijua wapo wanaotafuta njia za mkato. Tuziache. Moshi huu ndio ulioifunika Los Angeles miaka ya 1950, hadi mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba mvuke wa petroli na oksaidi za naitrojeni, vikipigwa na jua, ndivyo vinavyozaa ozoni inayochoma macho na mapafu. Watoto wenye pumu wanaoishi kando ya barabara kuu ndio wanaouvuta moshi huu. Tena Volvo ndiyo iliyoleta katalitiki yenye sensa ya oksijeni hapa California, kwenye 240 za mwaka wa modeli wa 1977. Gari hili liliundwa kutoa moshi safi, na likitunzwa bado linaweza.

Siku yenyewe, liendeshe barabara kuu kwa dakika 20 hivi kabla ya kufika. Katalitiki haifanyi kazi ikiwa baridi. Ukikuta foleni, usizime injini, na mwambie fundi kuwa gari limeshapata moto ili asiliache likapoa uani.